Kisu cha Tano

Visu vinne vililazwa juu ya jani la mgomba, viwili upande huu na viwili upande ule, kama nyama inavyogawiwa nyumba mbili zisizopikiana. Novatus, mwenyekiti wa kikundi, alichuchumaa mbele ya jani lile, akavisogeza mpaka ncha zikalingana, kisha akanyoosha mgongo na kuwatazama wanawake wawili waliosimama mbali mbali, kila mmoja akijifanya hamwoni mwenzake.

"Mimi nimechoka," alisema. "Kila mkutano ni visu, visu, visu. Nani kanoa, nani kaharibu. Marehemu baba alipoona wanawe tunatazamana vibaya, aligawa kibanja cha migomba akiwa hai, na mpaka leo tunasalimiana. Basi na mimi nagawa. Viwili vya Kemilembe, viwili vya Uwiduhaye. Kila mtu anoe vyake kwake, avilete siku ya kazi, avifunge kwenye mashine kwa mkono wake. Sitaki kusikia tena."

Wanakikundi waliguna kwa kuridhika. Kwa watu wa Kanoni, kitu kilichogawanywa ni kitu kilichopona. Ardhi waliigawa, miti ya mpakani waliigawa, hata ng'ombe mmoja aliweza kuwa na mwenye maziwa na mwenye ndama. Kwa nini visu vishindikane?

Kemilembe alipiga goti moja, akachukua viwili vyake, akavifunga katika kitambaa. Alihisi kama mtu aliyeamka akakuta ukuta mpya umepita katikati ya chumba chake, na upande wa pili mtu mwingine anatandika kitanda.

Kwa maana visu vile vyote vinne vilikuwa vyake. Si kwa karatasi, wala si kwa fedha. Mashine ilikuwa ya kikundi, iliyoungwa na fundi wa mjini kwa vyuma vya kuokoteza na springi za gari bovu, ili ikatekate matawi ya migrevilea na mashina ya mibuni iliyozeeka yawe matandazo ya kufunika ardhi ya migomba. Nyasi za kutandaza zilikuwa zimehamia mbali, huko kwenye mbuga za wenye ng'ombe, na kuzifuata kulikuwa kutafuta ugomvi. Mashine iliwaokoa. Na tangu siku ilipoteremshwa kwenye gari, aliyeitunza ni Kemilembe, binti wa mzee wa Kinyambo aliyekuwa akinoa mihoro ya kupogolea migomba kutoka Kanoni mpaka Kituntu. Alijua kuwa matawi yaliyoburutwa barabarani huja na mchanga, na mchanga hula makali kuliko mti wenyewe, kwa hiyo aliwafukuza waburutaji kama anavyofukuza kuku jikoni. Alijua beringi inayoomba grisi kwa sauti yake. Mashine ikikohoa tu, watu walisema, "Mwiteni Kemilembe." Maneno mawili. Alikuwa akiyasikia hata kabla mjumbe hajafika uani, na miguu yake ilikuwa imeshavaa kandambili.

Kisha akaja Uwiduhaye.

Alikuja kuolewa na Hagenimana, mwashi mpole asiye na makuu. Kwao ni Kaisho, katika familia ambayo babu zao walitoka Rwanda wakapata mashamba na wakazika wazee wao huko. Alikuwa na mikono mikubwa, na kicheko kilichotangulia maneno. Siku moja Kemilembe alikuwa msibani, mashine ikabanwa na kuzima. Uwiduhaye akasema kwa mjomba wake Kaisho kulikuwa na mashine ya namna ile ile, akaifungua, akavuta magome yaliyokwama, akanoa visu, akafunga. Kemilembe aliporudi alikuta rundo la vipande vidogo laini kama chenga za mahindi, na watu wamelizunguka wakichota kwa viganja.

"Mwenzako ana mkono," walimwambia, kwa furaha tu, bila nia mbaya.

Alicheka nao. Alicheka mpaka mashavu yakauma. Kilichomchoma si kwamba mgeni alijua kazi. Kilichomchoma ni kwamba katika umati ule mzima hakuna aliyekumbuka kusema, tumngoje Kemilembe.

Kuanzia hapo wivu ulipanga chumba moyoni mwake na haukuwa mpangaji mtulivu. Uwiduhaye akisifiwa kanisani kwa sauti yake ya kwaya, Kemilembe alijikuta anahesabu alipokosea. Uwiduhaye akinunua ndoo mpya, ndoo ile ilimkera. Akimsalimu kwa heshima, "Habari za asubuhi, dada," aliitafuta dharau ndani ya heshima hiyo kama mtu anayetafuta jiwe ndani ya mchele, na asipoliona aliamini limefichwa vizuri.

Lakini alikuwa na kitu kimoja ambacho mwenzake hakuwa nacho. Siku mashine inakabidhiwa, yule fundi wa mjini alimwita pembeni akamwonyesha kisu cha tano. Vile vinne vimefungwa kwenye gurudumu zito na vinazunguka nalo. Cha tano hakizunguki. Kimelala mdomoni mwa mashine, chini, kimetulia kama taya, na tawi hukatika kati ya kinachokuja na kilichotulia. Fundi alitoa sarafu ya shilingi mia mbili mfukoni, akaipitisha katika nafasi iliyokuwa kati ya visu hivyo viwili. "Ipite hii, lakini kwa kubanwa," alisema. "Ikianza kucheza, mashine haikati tena, inatafuna. Legeza kisu cha chini, kisogeze juu." Akamwachia sarafu. Kemilembe aliifunga kwenye pindo la kitenge, na hakumwambia mtu yeyote. Kila baada ya siku kadhaa, watu wakiwa wamekaa kutafuna kahawa iliyochemshwa na maganda yake, yeye aliinama mdomoni mwa mashine kama anayepangusa vumbi, akapima, akakaza, akafunga pindo. Watu walidhani ni usafi.

Novatus alipogawa visu, kisu cha chini hakukitaja. Hakuwa akikihesabu kuwa kisu. Kemilembe aligundua hilo pale pale, mbele ya jani la mgomba, na akafunga mdomo. Kwanza alijiambia, kama si changu, kwa nini nikitunze ili visu vya yule navyo vipate sifa? Baadaye akajiambia jambo lililo karibu zaidi na ukweli: Uwiduhaye sasa huja mashineni na macho yake makali, na akiniona na sarafu mara moja tu, amenimaliza.

Basi sarafu ikakaa kwenye pindo, na kisu cha tano kikakaa peke yake.

* * *

Ndipo ilipoanza kazi ya tupa.

Nyumba ya Kemilembe na ya Uwiduhaye zilitazamana juu ya bonde dogo lililojaa migomba, na jioni, upepo ukilala, sauti ilivuka bonde bila kupungua. Jioni ya kwanza Kemilembe aliketi kibarazani, akabana kisu kati ya magoti, akakipitisha kwenye tupa, kisha kwenye jiwe lenye maji. Aliponyamaza alisikia kutoka ng'ambo, kwaru, kwaru, kwaru, pole pole, bila haraka. Akashika tena tupa. Alipochoka akasikiliza. Bado, kwaru, kwaru. Akashika tena.

Ikawa kila jioni. Siku ya kazi walikutana mashineni, kila mmoja na kitambaa chake, wakavifungua vinang'aa kama samaki. Watu walisogea kutazama. Vijana wakakonyezana. "Leo ukitaka kunyoa ndevu, wapi? Kwa Mnyambo au kwa bibi arusi wa Kaisho?"

"Nenda popote," Uwiduhaye alisema akikaza nati, "ila kwanza uote hizo ndevu."

Wakacheka. Kemilembe naye alitaka kucheka, jambo lililomuudhi zaidi.

"Hivyo ni visu au ni vijiko vya fedha?" mumewe Ayebare alimuuliza jioni moja. Alikuwa mtu wa maneno machache na aliyatoa akiwa ameegemea kitu. "Tangu juzi mashine haijawaka. Unanoa nini?"

"Naondoa kutu."

"Kutu ya juzi?"

"Kuna kutu wewe huioni."

Ayebare aliangalia ng'ambo, kulikotoka sauti, akamwangalia mkewe. "Hiyo naiona," alisema, akaingia ndani.

Mvua za masika zilikuwa zinaaga pale mashine ilipoanza ukorofi. Wakati ule ni wa kutandaza. Anayekosa matandazo kabla ardhi haijakauka atatazama migomba yake ikikunja majani kiangazi kizima. Zamu ilikuwa ya Bibi Adelgunda, mjane ambaye kibanja chake kidogo ndicho kilikuwa duka lake, hospitali yake na watoto wake. Matawi yaliingizwa. Badala ya mlio mkavu wa kukata, ulitoka mlio wa kuvuta, kama ng'ombe anayeng'oa nyasi. Mkanda ukateleza na kutoa harufu ya kuungua. Na kule nyuma, badala ya vipande, zikatoka nyuzi ndefu za magome, zimechanika, zimejikunja.

Adelgunda alizishika kwa vidole viwili, akaziinua watu waone.

"Mimi niliomba matandazo, waitu, ndugu zangu," alisema. "Mmenipa kamba za kufungia mbuzi. Na mbuzi sina."

Mashine ilizimwa. Ikawashwa tena, ikabanwa, ikazimwa. Macho yote yaliwarudia wanawake wawili. Kemilembe alijua. Alijua vizuri kama anavyojua jina lake, na akaiweka elimu ile chini na kuikalia. Kwa sababu hapo hapo aliona mlango umefunguka.

"Kuna visu vinanolewa mpaka vinaisha," alisema bila kumtazama mtu. "Kisu kikiwa kifupi hakifiki. Mimi huwa nasikia tupa ya mtu asiyejua kuacha."

"Hata mimi huwa naisikia, dada," Uwiduhaye alisema.

Mtu akakohoa kuficha kicheko.

"Basi vipimwe uzito," Kemilembe alisema. "Baba yangu alikuwa akipima mihoro kwa fimbo na kamba. Vinafungwa huku na huku. Vilivyolika vitapanda juu, kila mtu ataona."

Novatus alipangusa jasho. Aliona njia ya kutoka na aliipenda. "Jumapili, baada ya ibada, uani kwangu, mashine inakolala. Na kikundi kisikie: ambaye visu vyake vitaonekana vyepesi, huyo ndiye aliyeila mashine yetu. Aiachie kabisa, asiisogelee. Mwenzake ashike vyote vinne."

Uwiduhaye aliitikia kwa kichwa. Kicheko chake safari hii hakikutangulia chochote.

* * *

Ukutani mwa jiko la Kemilembe palikuwa na mchoro wa mkaa. Aliuchora mwaka ule mashine ilipokuja, akiwa ameshika kisu kipya na kukizungushia mstari, kwa furaha tu, kama mama anavyochora unyayo wa mtoto sakafuni. Jumamosi mchana, watu wakiwa shambani, alichukua kisu chake kimoja akakibandika ndani ya mchoro.

Kililala humo kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha baba yake.

Alikiangalia muda mrefu. Pale ambapo pangekuwa chuma palikuwa na ukuta mtupu, upana wa kidole. Hakuna tawi lililokula chuma kile. Mchanga haukukila. Alikumbuka jioni zote zile, ule unga mweusi uliodondokea mapajani mwake, na jinsi alivyoukung'uta akiamini anakung'uta uchafu. Ulikuwa ni mashine. Alikuwa ameikung'uta mashine uani, kidogo kidogo, na kuku wakaidonoa.

Kesho vitapanda juu mbele ya watu. Itakuwa ni yeye wa kutoisogelea. Watamwita Uwiduhaye, na mjumbe atapita mbele ya mlango wa Kemilembe bila kusimama. Alifikiri kwenda kwa Novatus usiku uleule, au kwenda ng'ambo ya bonde aseme, tuyaache. Kisha jioni ilipoingia alitega sikio, na kutoka ng'ambo hakukuwa na sauti yoyote. Uwiduhaye hakunoa. Naye pia alikuwa amekaa mahali, bila shaka, anatazama visu vyake. Na Kemilembe akashikilia tumaini dogo baya: huenda yule amevila vyake zaidi.

Alilala nalo, na aliimba nalo kanisani.

* * *

Fimbo ilikuwa ya mbuni, imenyooka, imemenywa gome. Novatus aliifunga kamba katikati, akaitundika kwenye boriti ya banda la kahawa, akaisogeza mpaka ikatulia. Visu vya Kemilembe vilifungwa kulia. Vya Uwiduhaye vilifungwa kushoto. Mikono ikaachia.

Fimbo iliyumba. Upande wa kulia ulipanda. Kisha ulishuka. Ukapanda wa kushoto, na mahali fulani nyuma yake alimsikia Uwiduhaye akivuta pumzi. Ukashuka. Fimbo ikayumba kidogo tena, kidogo zaidi, kisha ikasimama.

Ilisimama sawa. Ungeweza kuweka kikombe cha chai juu yake.

"Badilisheni," Bibi Adelgunda alisema. "Huenda fimbo ina upande."

Walibadilisha, kulia kukawa kushoto. Ikayumba, ikasimama palepale.

Jogoo alipita chini ya visu akitembea kwa madaha yake. Kisha Adelgunda akaketi juu ya gunia, akaanza kucheka taratibu, kicheko cha mwanamke aliyeona mengi na hakutegemea kuona hili.

"Mmekula sahani moja," alisema. "Tonge kwa tonge. Hata waliozaliwa pacha hawali hivi."

Watu wakacheka naye, wengine wakatikisa vichwa. Lakini Kemilembe alikuwa anamtazama Uwiduhaye, kwa mara ya kwanza pasipo kutafuta kasoro. Macho ya mwenzake yalikuwa mekundu. Mikono ile mikubwa ilikuwa imeshikana mbele, na kwenye dole gumba kulikuwa na lengelenge la tupa, lililopasuka na kufunga na kupasuka tena. Kemilembe alikuwa nalo mahali palepale.

"Nilikuwa nikisikia tupa yako inavuka bonde," Uwiduhaye alisema kwa sauti ya chini, kama hawakuwepo watu wengine. "Nasema, leo nitaacha. Naweka chini. Nasikia tena. Nikawa naona kama unaninoa mimi. Tangu nimekuja hapa, watu wananiambia, Kemilembe hufanya hivi, Kemilembe hawezi kukubali vile. Hata nikipatia wanasema, kama Kemilembe. Siku moja nilitaka tu waseme jina langu, basi litoshe."

Kitu kilimpitia Kemilembe kifuani, na hakikuwa huruma peke yake. Ndani yake mlikuwa na utamu, utamu wa aibu, wa kujua kwamba jioni zote zile, wakati alipojiona amesahaulika, kulikuwa na mtu mmoja duniani aliyekuwa anamsikiliza kwa makini kila alipovuta mkono. Hakujua aweke wapi utamu ule.

"Sasa?" Novatus aliuliza. Alionekana amezeeka ghafla. "Nani anaondoka? Nigawe nini tena?"

Bibi Adelgunda aliacha kucheka. "Kibanja changu hakingoji," alisema. "Ardhi inaanza kupasuka."

Kemilembe alitazama visu vilivyoning'inia, vinne, vyembamba, sawasawa. Angeweza kunyamaza. Novatus angepata njia nyingine, angegawa siku badala ya visu, na sarafu ingebaki kwenye pindo lake mpaka atakapozikwa nayo.

"Mwenyekiti," alisema, "ulisahau kimoja."

Alitembea mpaka kwenye mashine iliyofunikwa kwa turubai pembeni ya ua, akaifunua, akapiga magoti mbele ya mdomo wake. Alisikia hatua nyuma yake na hakugeuka. Uwiduhaye alipiga magoti upande wa pili. Wakachungulia wote wawili, vichwa karibu kugusana. Kisu cha chini kilikuwa kimeviringika ukingoni kama sabuni ya mwisho wa mwezi. Kati yake na njia ya gurudumu ungeweza kupitisha kidole.

"Hakikuwa cha mtu," Uwiduhaye alisema.

"Hapana."

Uwiduhaye aliingiza mkono, akapapasa kwa chini. Uso wake ulibadilika. "Upande wa pili ni mpya, dada. Haujawahi kuguswa. Tukikigeuza, kisha tukakisogeza juu kifidie vile vinne vilivyopungua..." Alisita. "Lakini tutakisogeza kiasi gani? Kikizidi vitagongana, na hapo hakuna mashine tena."

Nati zilikuwa zimeshika kutu. Haikuwa kazi ya mtu mmoja: mmoja alipaswa kukishikilia kisu kutoka chini, mkono ndani ya mdomo wa mashine mpaka kiwikoni, huku mwenzake akikaza juu na gurudumu halitikisiki. Uwiduhaye hakuuliza nani aingize mkono. Alikuwa ameshauingiza. Kemilembe alikaba gurudumu kwa gogo la mgrevilea, akalijaribu mara mbili kwa nguvu zake zote, akachukua spana.

Waligeuza. Walisogeza. Walivirudisha vile vinne kwenye gurudumu, na safari hii hakuna aliyekumbuka vipi vilikuwa vya nani. Watu walikuwa wamesimama pale nyuma, Novatus akiwa na fimbo ya mbuni mkononi bado, kama mtu aliyesahau alikuwa anaenda wapi.

"Sasa," Uwiduhaye alisema kutoka chini. "Tupime kwa nini?"

Kemilembe aliweka spana mapajani. Kisha alishika pindo la kitenge. Fundo lilikuwa la siku nyingi na halikutaka kufunguka. Ilibidi alilegeze kwa meno. Sarafu ilitoka ikiwa na joto la mwili wake. Aliiingiza mdomoni mwa mashine, akapapasa gizani mpaka akakikuta kiganja cha mwenzake, akaiweka humo.

"Ipite kwa kubanwa," alisema. "Ikicheza, sogeza juu."

Alikisikia chuma kikikwaruza chuma, taratibu, mara moja, mara ya pili. Kemilembe alibaki amekunjua kiganja mbele ya mdomo ule mweusi, akingoja sarafu irudi, na vidole vyake vilikuwa vinataka kujifunga.

"Kaza," Uwiduhaye alisema.

Alishika spana kwa mkono wa kulia, akakaza. Wa kushoto aliuacha palepale, wazi.